Abiria Wote Wamesalimika

Wasikilizaji wapendwa, mwangaluka. Uliyeko duarani, kwenye shimo la dhahabu, uliyeko shambani, uliyeko jikoni na redio umeitundika kwenye msumari, nakusalimu. Wakubwa zangu, shikamooni. Ni mimi Paskalina, sauti mliyoizoea, ingawa leo sauti yenyewe haiko sawa na mtanivumilia.

Asubuhi hii tunamkumbuka Bibi Mbuke wa Tinde. Bibi Mbuke, mama yake Generosa. Amefariki Jumatatu, amezikwa Alhamisi nyumbani kwake, akiwa na miaka tisini na ushei. Wengi wenu mlimjua. Ndiye yule bibi mkali aliyekuwa akisimama kando ya barabara pale Tinde, gari likisimama anachungulia ndani, anatazama chini, miguuni mwa watu. Mlimwita mwendawazimu wa stendi. Msikatae, mlimwita. Leo nawaeleza alikuwa anachungulia nini.

Naanzia karibu na mwisho. Mwezi uliopita mjukuu wake, Thobias, alikuwa anamsomea habari za ndege kubwa za siku hizi.

"Bibi, kuna ndege ina ghorofa mbili. Ukipanga viti kwa nafasi inabeba watu mia tano. Ukiviondoa vya matajiri, ukabana vya wengine, wanaingia hata mia nane."

Bibi Mbuke alikuwa anachambua mlenda. Hakuinua kichwa.

"Hao mia nane wana pa kukaa?"

"Wote, Bibi."

"Na wa chini?"

"Chini wapi?"

"Sakafuni, mjukuu wangu. Wa sakafuni wamewahesabu?"

Wajukuu waliangua kicheko. Bi Generosa, binti yake, naye alikuwepo. Yeye hakucheka. Ameniambia hivi: "Niliinuka nikaenda nyuma ya nyumba. Nilijua Mama yuko Ibadakuli tena."

Ibadakuli, wasikilizaji, ndiko kwenye kiwanja chetu cha ndege. Na huko ndiko tunakokwenda asubuhi hii. Lakini kwanza tumjue msichana Mbuke.

Mbuke alizaliwa kwenye boma la mfugaji, upande huu wa Tinde. Alipokuwa msichana, miaka ya arobaini, kazi iliyompa jina ilikuwa kushindilia pamba. Vijana wa leo hamjaiona. Gunia kubwa linaning'inizwa kwenye nguzo, mtu anaingia ndani, pamba inamwagwa juu yake, naye anaikanyaga. Anakanyaga, inamwagwa, anakanyaga, mpaka yeye mwenyewe anapanda na pamba na kutokea juu mdomoni mwa gunia, amejaa nyuzi nyeupe hadi kwenye kope. Mbuke alishindilia kuliko wanaume. Gunia alilolikanyaga yeye lilikuwa gumu kama ukuta.

Mume wake alimwona kwa mara ya kwanza akiwa humo. Aliona kichwa tu. Kichwa cha msichana kinachungulia kutoka kwenye gunia, kinapiga chafya.

"Wewe uliye ndani," akamwuliza, "una miguu?"

"Kaoe gunia kwanza," Mbuke akamjibu, "miguu utaikuta chini."

Basi hivyo ndivyo walivyoanza. Kijana yule jina lake Mageni. Mageni, mtoto wa Masele. Na hapa, wasikilizaji wapendwa, naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu habari yote ya leo imeshikwa na neno moja.

Kwa Wasukuma mwanaume hajitaji kwa jina lake tu. Humtaja baba yake. Husema: mimi ng'wana fulani. Ng'wana maana yake ni mtoto wa. Mzee wa miaka themanini, mwenye mvi na wajukuu, utamwita ng'wana fulani, naye atafurahi. Ni heshima. Unamwambia kwamba unamjua anakotoka, kwamba hakuokotwa. Mageni alikuwa mrefu, kifua kipana, ndevu zimejaa. Ukimwuliza wewe nani, anajibu kwa sauti: Ng'wana Masele. Mtoto wa Masele. Narudia: ng'wana ni mtoto wa, na mwenye kuitwa hivyo ni mtu mzima.

Walioana. Mageni akaenda Geita kuchimba dhahabu kwa Wazungu, chini ya ardhi. Akawa anarudi nyumbani mara moja moja, macho mekundu, mgongo umechubuka kwa miamba. Huko alipata rafiki, Donatus, Mzinza, Mkristo, mtu wa maneno mengi. Walichimba pamoja, walikula sufuria moja. Mageni alitaka kitu kimoja tu maishani: plau. Jembe la kukokotwa na ng'ombe. Alimwambia Mbuke, "Nikipata plau, siingii tena kwenye shimo. Nitalima juu, mchana, watu wakiniona."

Mwaka elfu moja mia tisa hamsini na tatu ikaja kampuni. Jina lake halina faida kulitaja, ilishakufa, na kwenye kipindi hiki cha kuwakumbuka watu hainihusu. Tuiite Kampuni. Ilitafuta wachimbaji wazoefu kwa migodi ya kusini, mbali, nje ya nchi. Mkataba wa mwaka mmoja. Na kilichowatoa watu majumbani ni hiki: walisema watu watapelekwa kwa ndege.

Ndege! Wakati huo, wasikilizaji, ndege ilikuwa kitu cha kukitazama ukiwa umeshika jembe shambani. Ilikuwa ya Wazungu na wagonjwa wao. Leo mchimbaji wa Geita anaambiwa panda. Tinde nzima ilizungumza hiyo tu. Wapo waliosema Mageni akishuka huko kusini atakuwa anaongea kwa pua.

Siku ya safari Mbuke alimsindikiza hadi Ibadakuli. Alimbeba mgongoni binti yao, ambaye ndiyo kwanza anaota meno. Alimfungia mume wake michembe, viazi vikavu vya safari, kwenye kitambaa. Walikuta watu wamejaa. Wametoka Geita, wametoka Ushetu, wametoka Kahama, wengine kwa miguu. Ndege ilikuwa imesimama juani, ndefu, inang'aa, pangaboi mbili mbele. Mbuke alisema baadaye kwamba ilikuwa nzuri. Hakuwahi kuficha hilo. "Ilikuwa nzuri, mwanangu, ningepewa ningepanda."

Wachimbaji walikuwa thelathini na saba. Viti vilikuwa ishirini na vinane. Shikeni hesabu hiyo: watu thelathini na saba, viti ishirini na vinane. Kampuni tayari ilikuwa imeng'oa viti vizuri vya mwanzo na kuweka vyembamba, imevisogeza hadi magoti ya mtu yanagusa mgongo wa mwenzake. Imebana mpaka imefika mwisho. Tisa wamezidi.

Palikuwa na Mzungu mmoja, mkubwa wa usafiri wa Kampuni, ambaye watu walimwita Bwana Jaza. Kazi yake ilikuwa moja tu, kujaza. Na palikuwa na karani wake, Theonest, kijana wa Bukoba, shati jeupe, Kiswahili kizuri, Kisukuma hakijui hata cha kuombea maji. Sheria ya ndege ilikuwa hivi: watu wazima wasizidi viti. Lakini mtoto wa kupakatwa hana kiti, kwa hiyo hahesabiwi. Mama akipanda na mtoto mchanga, wanaandikwa abiria mmoja. Mnaona mlango ulipoachwa wazi?

Theonest alisimama kwenye ngazi ya ndege, anauliza majina.

"Wewe?"

"Donatus."

"Kiti. Ingia. Wewe?"

"Marcel."

"Ingia. Wewe?"

"Ng'wana Lugembe."

"Mwana nani?"

"Ng'wana Lugembe."

Theonest alisita. Akamgeukia Bwana Jaza, akacheka kidogo, akamwambia kwa Kiingereza. Donatus alikuwa ameshakaa karibu na mlango, na Kiingereza cha mgodini alikuwa nacho, ndiye aliyewasikia. Theonest alisema: huyu anajiita mtoto wa Lugembe. Ulikuwa mzaha tu, wasikilizaji. Mzaha wa karani aliyechoka na jua. Lakini Bwana Jaza hakucheka. Aliwatazama wale watu waliobaki chini, akatazama ndege, akauliza: "Wanaojiita watoto wako wangapi?"

Walikuwa wengi kuliko tisa. Tisa ndio waliohitajika. Waliotaja majina ya ubatizo wote walipewa viti. Watu wa makabila mengine walipewa viti. Ng'wana Lugembe aliwekwa pembeni hapo hapo. Wengine waliosema ng'wana walijazia viti vilivyobaki, na wanane wa mwisho wakaungana naye, ingawa mwenye kutaja jina tupu bado angepishwa kiti na ng'wana mmoja. Mageni alikuwa miongoni mwa hao tisa, kwa sababu alichelewa akiagana na mke wake.

Mbuke aliyaona yote hayo. Kiswahili alikielewa, alijifunza kwenye ununuzi wa pamba. Alimsogelea mume wake akamnong'oneza.

"Sema unaitwa Mageni. Ishia hapo."

"Na baba yangu nimwache wapi?"

"Mwache hapa na mimi, nitamtunza. Sema Mageni, upate kiti."

"Mke wangu, nimeingia shimoni Geita kwa jina la Masele na nikatoka. Leo napaa angani halafu nimkane?"

Theonest akauliza, "Wewe?" Na yule mume akajibu kwa sauti iliyofika hadi kwa waliokuwa wamekaa ndani: "Ng'wana Masele."

"Mtoto," akasema Theonest. "Chini."

Wakaingizwa. Nyuma ya viti palikuwa pameachwa nafasi ya mizigo, masanduku ya bati yamerundikwa hadi darini. Mbele ya masanduku hayo palikuwa na sakafu tupu. Bwana Jaza aliwaonyesha kwa mikono jinsi ya kukaa: mmoja anakaa, anapanua miguu, mwingine anakaa katikati ya miguu yake, na mwingine katikati ya miguu ya huyo. Theonest akatafsiri kwa neno moja: "Mpakatane."

Wanaume wale walicheka! Ndilo lililomuuma Mbuke kuliko yote. Walicheka, wakafanya utani. Mageni alikaa mapajani mwa ng'wana Lugembe, ndevu zake zote, akapaza sauti kutoka ndani, "Mbuke, nimepata mama mwingine, tatizo hana maziwa!" Watu wa kwenye viti wakacheka. Mbuke naye alicheka. Na kule kucheka alikukumbuka maisha yake yote kama mtu anayekumbuka alipoumwa na nyoka.

Rubani alipanda. Alikuwa mgeni, hajui Kiswahili wala Kisukuma. Aliuliza: watu wazima wangapi? Bwana Jaza akamjibu ishirini na wanane. Na watoto? Tisa. Donatus anasema rubani aligeuza shingo kuelekea nyuma, kisha akairudisha mbele. Pengine hakuona. Pengine aliona, akaona ni afadhali asione. Mlango ukafungwa.

Pale kiwanjani, wasikilizaji wapendwa, mtoto alikuwa mmoja tu. Alikuwa mgongoni mwa Mbuke, anatafuna pindo la kanga.

Ndege ilikimbia sana kabla ya kuinuka. Ilikuwa saa ya jua kali. Iliinuka, ikapita juu ya minyaa, ikaelekea kusini inaunguruma kama inayolalamika. Mbuke akashika njia ya Tinde. Hakujua kwamba haikufika mbali. Injini moja ilizidiwa, rubani akageuza, akarudi Ibadakuli na mzigo ule ule. Ndege ikatua kwa kishindo, ikashindwa kusimama, ikatoka nje ya kiwanja na kutumbukia kwa pua kwenye korongo.

Waliokuwa kwenye viti walikuwa wamefungwa mikanda. Walitikisika, wakachubuka, mmoja akavunjika mkono. Wale tisa hawakuwa na mkanda, hawakuwa na pa kushika ila kushikana. Walirushwa mbele, na masanduku ya bati yakawafuata. Sita walikufa. Watatu walinyanyuka wakiwa vilema. Narudia, ili mtu asije akasema hakusikia. Kwenye viti hakufa hata mmoja. Kwenye sakafu walikufa sita.

Siku iliyofuata ilikuwa siku ya gulio Tinde. Mbuke alikuwa sokoni. Habari za ndege kuanguka zilikuwa zimeanza kupita chini chini, watu wanamtazama halafu wanatazama pembeni. Ndipo likaja gari la Kampuni, lile lenye kipaza sauti juu, lililokuwa likipita kuita vibarua. Likasimama katikati ya gulio. Sauti ikatoka:

"Tangazo, tangazo. Ndege ya Kampuni imepata hitilafu ndogo. Abiria wote wamesalimika. Tunarudia. Abiria wote ishirini na wanane wamesalimika. Hakuna abiria aliyefariki."

Mbuke alipiga kigelegele. Jamani. Alipiga kigelegele ambacho waliokuwepo walikisimulia mpaka wakazeeka. Wanawake wenzake wakakidaka, gulio zima likaitika, wauza mitamba wakatupa fimbo juu. Alicheza pale vumbini na mtoto mgongoni. Kisha akaenda nyumbani, akachinja jogoo, akasonga ugali wa mtama, akafunga chakula kwenye kanga safi, akaelekea Ibadakuli kumlisha mume wake aliyesalimika.

Alimkuta Donatus amekaa peke yake kwenye kivuli cha bati, kichwa kimefungwa kitambaa.

"Shemeji, mwangaluka. Mwenzako yuko wapi? Nimemletea kuku."

Donatus alikitazama kile chakula, akakaza kitambaa kichwani.

"Shemeji, wamesema wote wamesalimika. Gari limesema. Nimelisikia kwa masikio yangu."

"Limesema abiria, shemeji," Donatus akasema. "Abiria tumesalimika."

Mbuke hakuelewa. Alimtaka arudie. Donatus akarudia, polepole, kwa Kisukuma chake cha kuazima, mpaka akaelewa. Chakula kile hakikuliwa na mtu. Donatus alisema hata kunguru walipokisogelea, Mbuke aliwafukuza.

Akaenda kwenye dirisha la ofisi. Theonest alikuwa ndani. Hakuwa na cheko tena.

"Kaka yangu, naomba mume wangu."

"Mama, pole sana. Utapewa mwili."

"Mbona gari limesema hakuna aliyekufa?"

"Limesema hakuna abiria aliyekufa. Mume wako hakupanda kama abiria. Alipanda kama mtoto."

"Mtoto wa nani?"

"Alisema mwenyewe, Mama. Mtoto wa Masele. Uliposimama pale ulimsikia."

Wasikilizaji wapendwa, nimefanya kipindi hiki miaka mingi, nimesoma habari za vifo vya kila namna. Sijapata kusikia jibu chungu kama hilo. Jina la heshima la mtu, jina alilokataa kulikana ili apate kiti, ndilo lililomfuta.

Na bado hawakumaliza. Stoo ya Kampuni ilitoa marekani ya sanda. Kwa mtu mzima kulikuwa na kipimo chake, kwa mtoto kipimo chake. Mtunza stoo alifuata alichoambiwa. Wanaume sita walipewa sanda za watoto. Mageni alikuwa mrefu, nimeshawaambia. Ikafunika kichwa ikaacha magoti, ukiivuta chini inaacha uso. Mbuke alifungua ile kanga safi aliyofungia chakula, akamfunika miguu. Akamzika hivyo, Tinde, marekani juu na kanga chini.

Kampuni ilimpelekea gunia la unga. Alilirudisha. Watu walidhani anataka zaidi. Alipanda hadi kwa Bwana Jaza mwenyewe, mtoto mgongoni, Donatus akimtafsiria.

"Sitaki unga wenu," alisema. "Nataka gari lipite tena. Lipite Tinde siku ya gulio, pale pale liliposimama. Liseme abiria walikuwa thelathini na saba, na sita wamekufa, liwataje. Likishasema, nitapiga kigelegele changu upya, maana kile cha kwanza mliniibia."

Bwana Jaza alimwambia tangazo likishatoka limetoka. Gari halirudi kusema kinyume. Mbuke akaondoka. Wiki iliyofuata akarudi. Akawa anarudi kila alipopata nafasi ya kuja mjini. Walimfungia mlango, akasimama nje. Walimtishia kumwita polisi, akawaambia mwiteni, na yeye nitamweleza. Theonest aliacha kazi, akarudi kwao Bukoba, na inasemekana hakuaga. Miaka michache baadaye Kampuni ikafunga virago. Ofisi ikawa ghala. Gari likaondoka na kipaza sauti chake, na Mbuke akabaki hana hata wa kumdai.

Kitu kimoja alikifanya mapema. Alimpeleka binti yake misheni kubatizwa. Padri alimwuliza anataka jina gani. Mbuke, ambaye mwenyewe alikuwa hajabatizwa, alisema, "Nipe jina refu la kizungu. Jina la kukalia kiti." Padri akampa Generosa.

"Nimebeba jina hili maisha yangu yote nikidhani Mama alilipenda," ameniambia Bi Generosa. "Siku nimeolewa ndipo aliponiambia. Akasema, umeshapata kiti, sasa jina lako lenyewe ni hili: Generosa ng'wana Mageni. Usilisahau hilo la pili. Hilo la kwanza ni tiketi."

Siku hiyo hiyo ya harusi watu walimzunguka Mbuke. Mama wa bibi harusi, jamani, kigelegele! Alikaa amefunga mdomo. Wakwe wakanung'unika kwamba hakupendezwa na mwanaume. Haikuwa hivyo. Wajukuu walizaliwa, akafunga mdomo. Hata kabla ya hapo, nchi ilipopata uhuru, Tinde nzima inacheza, Mbuke alisimama mlangoni, akatazama, akaingia ndani. Hakupiga kigelegele tena. Alikuwa anakitunza.

Aliwahi kuhamia Geita kupikia wachimbaji, miaka ile ya hamsini inapomalizika. Huko walimjua kwa kitu kimoja: lori la wachimbaji halikuondoka kabla hajapanda gurudumu na kuchungulia. Wote mmekaa? Nani kakaa chini? Wewe inuka, wewe sogea. Madereva walimtukana. Aliwajibu matusi ya kwenye pamba, ambayo redioni siwezi kuyasema. Aliporudi Tinde aliendelea na mabasi, na baadaye na magari yenu haya ya siku hizi. Ndiye yule mwendawazimu wa stendi.

Bi Generosa hakumvumilia sikuzote. Ameniomba niliseme. "Nilikuwa naona aibu. Nikamwambia, Mama, achana na lile gari, lilishaoza, hata chuma chake kimeshauzwa. Akaniuliza, na tangazo lenyewe limeoza?"

Nilijiuliza sana nimjibu nini Bibi Mbuke. Halikuoza. Tangazo la uongo halizeeki. Donatus alifariki zamani, na mpaka mwisho watu walimtania kwamba yeye ndiye aliyeanguka na ndege na kila mtu akapona.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya watu wote wa kipindi hiki, tunatoa pole kwa Bi Generosa ng'wana Mageni, kwa Thobias na ndugu zake, na kwa majirani wa Tinde mliochimba kaburi. Na sisi tuliobaki tujiulize kidogo. Tunaporundika watu, iwe kwenye ndege, kwenye lori au kwenye shimo la dhahabu, tukasema wote wametosha, je, tumetazama chini? Maana siku hizi nako bado wapo wanaoingia bila kuhesabiwa. Shimo likifunga mdomo, tunaambiwa wafanyakazi wote ni salama. Halafu unamwona mama amesimama kando na sufuria ya chakula.

Kipaza sauti cha Kampuni kiliondoka. Hiki changu kiko hapa. Kwa hiyo naomba watu wa Tinde muongeze sauti ya redio, na kama leo ni gulio, waambieni wenzenu wanyamaze.

Tangazo, tangazo. Ndege ya Kampuni iliyoondoka Ibadakuli mwaka elfu moja mia tisa hamsini na tatu ilibeba abiria thelathini na saba. Tunarudia. Abiria thelathini na saba. Abiria sita wamefariki. Nao ni ng'wana Lugembe. Ng'wana Shija. Ng'wana Bundala. Ng'wana Nkwabi. Ng'wana Kulwa. Na Mageni, ng'wana Masele. Wote walikuwa watu wazima.

Tangazo ndilo hilo, Bibi Mbuke. Uliahidi likipita utapiga kigelegele, nasi tumelileta siku tatu baada ya kukuzika.